Kuunganisha vidonge vya majira ili siku zangu zisinikute safarini, ina madhara?

DadaWaBasi

Habari zenu wapendwa. Naombeni mnisaidie kwenye hili maana nimeshauliza watu wa karibu na kila mtu anasema lake.

Mie ni mhudumu kwenye basi la Dar Mwanza, nina miaka 27, bado sijazaa. Kazi yetu mnaijua, mnatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri mnaingia Mwanza usiku, mnalala kidogo mnageuza. Sasa siku zangu ni nzito jamani, siku ya kwanza na ya pili ndo balaa lenyewe. Navaa pedi mbili kwa pamoja, moja mbele moja nyuma, tukifika Morogoro tayari zimejaa na kwenye gari hamna choo mpaka dereva asimame, na akisimama watu wachimbe dawa ni dakika kumi tu, abiria wote foleni, na mhudumu ndo wa mwisho kwa sababu unatakiwa uhesabu watu wasiachwe. Sketi ya sare yetu ni rangi ya krimu. Kila mwezi natembea na kanga nyeusi kwenye mkoba najifunga kiunoni, abiria wakiuliza nasema AC inanipiga. Tumbo nalo linakata mpaka mgongoni, nagawa soda huku nimeshikilia kiti.

Kuna dada ninayefanya naye kazi, yeye anatumia vidonge vya majira vile vya pakiti ya 28. Ameniambia vile vya kahawia vya mwisho hamezi, akimaliza vile 21 anafungua pakiti nyingine moja kwa moja, anapitisha hata miezi mitatu hajaona damu. Kwa kweli nilivosikia nilitamani nianze siku hiyo hiyo. Sasa nilipomwambia mama mdogo akashika kichwa, anasema damu chafu isipotoka inajikusanya kizazini mwisho inageuka uvimbe, na kwamba nikishaharibu sitashika mimba, na mchumba wangu ameshaleta posa kwao wanasubiri mjukuu.

Naomba anayejua aniambie ukweli. Hiyo damu inaenda wapi? Na kama ni salama nafanyaje, naingia tu duka la dawa naomba nauziwa au kuna vipimo?

Mama_Nasra

Mdogo wangu pole sana na hiyo kazi. Ila mie nakushauri kama mama usithubutu. Hedhi Mungu kaiweka kwa sababu zake, mwili unajisafisha. Jirani yangu alichoma sindano za majira, siku zake zikapotea, alipoacha kakaa muda mrefu sana bila kushika mimba mpaka ndoa ikayumba. Tafuta daftari la zamu uombe likizo siku zile mbili kila mwezi, boss akiwa na utu ataelewa. Usicheze na kizazi.

Nesi_wa_Uzazi

Mama Nasra nakuheshimu na najua unasema kwa upendo, lakini umechanganya vitu viwili, sindano na kidonge havifanani kabisa kwenye suala la kurudisha uzazi, nitalirudia hapo chini.

DadaWaBasi, mie niko kliniki ya uzazi wa mpango huku Temeke na swali lako naletewa mara kwa mara. Wengi wananiletea wakiwa wameshaunganisha tayari na matone matone yamewatisha. Wewe umeuliza kwanza, hapo umefanya jambo la maana sana.

Tuanze na hilo la damu kujikusanya maana ndo linalotisha watu kuliko yote. Mwanamke asiyetumia kidonge, kila mwezi homoni zake zinajenga utando ndani ya kizazi, unanenepa kusubiri mimba, mimba isipoingia ule utando unabomoka ndo damu ya mwezi. Ukiwa unameza kidonge chenye homoni mbili, estrojeni na projestini, yai halipevuki na ule utando unabaki mwembamba tu, haujengeki. Sasa mama mdogo anauliza mavuno ya shamba ambalo halikupandwa. Hamna damu iliyofichwa mahali, haijatengenezwa. Na hata ile unayoiona ukifika kwenye vile vya kahawia si hedhi kamili, ni mwili umekosa homoni siku chache ndo huo utando mwembamba ukadondoka, ndo maana wanaotumia kidonge damu yao huwa nyepesi na siku zinapungua. Vile vya kahawia kwenye Microgynon Fe tunayogawa bure kliniki za serikali ni madini ya chuma tu, homoni hamna ndani yake, vimewekwa kuongeza damu na kukufanya usipoteze mazoea ya kumeza kila siku.

Na uvimbe kwenye kizazi hauletwi na kuruka vile vya kahawia. Kidonge hiki kinajulikana kupunguza hatari ya saratani ya mji wa mimba na ya vifuko vya mayai. Upande wa pili nao niuseme, hatari ya saratani ya matiti inapanda kidogo kwa anayetumia na inashuka tena taratibu akiacha, kwa hiyo mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuugua hapewi.

Hiyo wiki ya kupumzika historia yake ni hivi. Kidonge cha kwanza kiliruhusiwa Marekani kama uzazi wa mpango mwaka 1960, na waliokifanyia kazi, akina Gregory Pincus na John Rock, walipanga mwanamke apumzike kila mwezi ili aone siku zake kama kawaida yake, asiogope, ajue hana mimba. Haikuwa kwa sababu mwili una uchafu wa kutoa. 2003 huko huko Marekani wakaruhusu Seasonale, ile unameza vidonge 84 mfululizo ndo unapumzika siku 7, yaani damu mara nne kwa mwaka. 2007 ikaja Lybrel ya mwaka mzima bila kupumzika. Na mwaka 2019 chombo cha wataalamu wa uzazi wa mpango cha Uingereza, FSRH, mwongozo wao ukasema wazi kwamba mapumziko ya siku 7 hayana faida yoyote kiafya. Shirika la Afya Duniani nalo limeandika kwenye kitabu cha watoa huduma jinsi ya kuunganisha. Kwa hiyo huyo dada wa kwenye basi hajabuni kitu.

Kuzaa sasa. Ukiacha kidonge uzazi unarudi haraka, wengi wanaona siku zao ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu, iwe uliunganisha au hukuunganisha. Inayochelewesha ni sindano, ile ya miezi mitatu, inaweza kuchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho ndo mtu ashike mimba, kwa wastani. Jirani ya Mama Nasra huenda ndo yalimkuta hayo, na inaonekana hakuna aliyemweleza mapema kwamba kuchelewa kupo na kunaisha, hilo linaniuma sana maana ndoa za watu zinavunjika kwa kukosa maelezo ya dakika tano.

Namna ya kufanya iko hivi. Mwezi wa kwanza anza ndani ya siku tano tangu damu imeanza, ukianza hapo unakuwa umelindwa na mimba moja kwa moja, ukianza siku nyingine yoyote tumia kondomu siku 7. Meza saa ile ile kila siku, weka alamu kwenye simu. Mwezi huo wa kwanza ni vizuri umalize pakiti yote na vile vya kahawia, mwili uzoee, afu mwezi wa pili ukimaliza vile 21 unafungua pakiti mpya kesho yake. Tegemea matone matone, hasa miezi mitatu minne ya mwanzo, hayo ni usumbufu si ugonjwa. Yakizidi siku tatu mfululizo na umeshameza angalau vidonge 21 vyenye homoni, pumzika siku nne tu, si zaidi ya 7, utatoka damu kidogo, afu unaanza tena. Ukiona yanakuja kila ukipita miezi miwili basi mwili wako umekuambia kipimo chake, panga kupumzika kila baada ya pakiti mbili. Na tazama pakiti yenyewe, zile ambazo vidonge vyenye homoni vina rangi mbili tatu kipimo chake kinabadilika wiki hadi wiki, kuunganisha zile kuna namna yake, uliza kwanza.

Ukisahau kimoja meza mara ukumbukapo hata kama utameza viwili siku moja. Ukisahau viwili au zaidi endelea na kimoja kwa siku na kondomu kwa siku 7. Ukitapika ndani ya saa tatu tangu umeze, meza kingine. Na kwa kazi yako, usiviache kwenye dashibodi ya gari, pale mbele ya kioo kuanzia Dodoma jua linachoma dawa zinaharibika.

Sasa kabla hujaenda kuchukua, na hapa ndo nataka usome taratibu, kuruka hedhi siyo hatari, hatari iko kwa mtu ambaye hata kidonge kimoja cha aina hii hakutakiwa kumeza. Presha kuanzia 140/90 hapewi. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni hapewi. Anayevuta sigara na ameshafika miaka 35. Mwenye ugonjwa wa ini. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Na mwenye kipandauso cha aina fulani. Duka la dawa wengi hawaulizi haya. Naomba unijibu mambo matatu, presha yako ikoje, kichwa kinakuuma vipi kama kinakuuma, na hiyo damu inatoka mabonge?

Bint_Gerezani

Nyongeza kwa upande wetu Waislamu maana najua humu tuko wengi. Mie nilitumia hii nilipokwenda Hija na mama mkwe. Tawafu, kule kuzunguka Kaaba, huwezi kuifanya ukiwa na hedhi na msafara haukusubiri, tiketi ni ya kundi, na hela ile watu wanakusanya miaka. Shekhe wetu nilimuuliza kabla, akasema wanazuoni wengi wanaruhusu kwa sharti isikudhuru na daktari awe ameridhia, ndo maana nilianzia kwa daktari.

Aliniuliza safari ni muda gani. Kwa sababu tunakaa wiki nyingi akasema nisitumie vile vya kusogeza siku, nianze vidonge vya majira miezi miwili kabla niunganishe, ili kama ni matone yaniishie hapa hapa Dar siyo Mina. Na kweli yalinitokea mwanzoni nikiwa nyumbani, kule nikakaa salama. Kitu kimoja kilinisaidia, saa za Makka na za Dar ni moja, kwa hiyo alamu yangu ya saa tatu usiku sikuigusa. Wenzangu waliojinunulia tu wiki ya kuondoka walikuwa wanalia vyooni, matone yanakuja, hajui ahesabu ni hedhi au si hedhi, anauliza huku na huku. Ibada inakuwa nzito bila sababu.

Wanaotaka kwa ajili ya Ramadhani ndo hivo hivo, anzeni mapema, na kama mwili hauwezi basi siku utalipa, dini haijakulazimisha.

Kaunta_Mbagala

Nauza dawa muhimu huku Mbagala, nina mafunzo yangu ya duka la dawa muhimu na kibali ukutani. Nisemee yale ninayoyaona kaunta.

Moja, watu wanakuja wanaomba P2 ili kusogeza siku. Wadogo zangu P2 haifanyi hiyo kazi. Ni ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, ukiimeza inavuruga tarehe tu, mwingine damu inawahi mwingine inachelewa, afu anarudi mara ya pili na ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Sikuuzii kwa kazi hiyo.

Pili, wanaomba Primolut N, vidonge vya homoni. Hiyo ndo ile Bint Gerezani anaiita ya kusogeza siku, na kweli inasogeza, dokta huandika ya milligramu 5 mara tatu kwa siku, unaanza siku tatu kabla ya tarehe yako, ukiacha damu inakuja baada ya siku mbili tatu. Ni ya harusi, mtihani, safari fupi, siyo ya kila mwezi. Na haizuii mimba, hili narudia kwa sababu nimeona waliobeba wakiwa nayo mkononi. Ukijamiiana tumia kondomu. Halafu ina tabia ya sehemu yake kugeuka estrojeni mwilini, kwa hiyo yule mwenye historia ya damu kuganda asijifiche akaja kununua kimya kimya. Bila cheti cha dokta sitoi.

Tatu, dawa za TB. Rifampicin inaua nguvu ya kidonge cha majira. Tegretol ya kifafa vivo hivo. Mtu anasema mie nameza vizuri mbona nimeshika mimba na matone kila siku, ukimuuliza yuko kwenye dozi ya kifua kikuu. Amoxicillin na hizo za kawaida hazina shida, watu wanaziogopa bure.

DadaWaBasi

Jamani asanteni sana, mmenifungua. Mama Nasra nashukuru pia mama yangu, likizo nilishaomba nikaambiwa wasichana wanaotaka kazi wako wengi getini.

Nesi majibu yangu ni haya. Presha sijawahi kupima hata siku moja. Damu ndiyo inatoka mabonge, mengine makubwa, siku ya kwanza nikiwa nyumbani nabadilisha pedi kila saa au saa moja na nusu, usiku naamka. Kizunguzungu kipo, nikipanda ngazi za kituoni Mbezi na begi moyo unaenda mbio mpaka nasimama, na nimeanza kutamani kula udongo, wenzangu wakadhani nina mimba.

Kichwa sasa. Hicho kinaniuma tangu sekondari, upande mmoja, kinagonga. Sikuwahi kukiona kama ni kitu kwa sababu nikilala giza kinaisha. Ila kabla hakijaanza huwa naona vimulimuli, kama mstari wa mwanga unapinda pinda pembeni ya jicho unakua mkubwa, kama dakika ishirini hivi hata kusoma namba ya siti siwezi, ukiisha ndo kichwa kinakuja. Mara moja mkono ulikufa ganzi na mdomo upande mmoja, nikadhani nimelalia. Hiyo ndo kipandauso ulichosema au ni macho tu?

Nesi_wa_Uzazi

Mdogo wangu nisikilize vizuri, na naandika hili nikiwa naomba ulisome leo kabla hujapanda gari. Usianze hivyo vidonge. Vya huyo dada mwenzio usivipokee hata kimoja, usinunue, usijaribu kwa safari moja.

Hayo maelezo yako ya mstari wa mwanga unaopinda pinda kabla ya kichwa, na ganzi ya mkono na mdomo, ndo kipandauso cha aina ile niliyosema. Kwa mtu wa namna hiyo kidonge chenye estrojeni hakitolewi katika umri wowote, hata kama presha ni nzuri, hata kama ana miaka 20, kwa sababu kipandauso hicho peke yake kinapandisha hatari ya kiharusi na estrojeni inaongeza juu yake. Ni jambo ambalo halitokei kwa wengi lakini likitokea ni mkono na mguu na kauli vinaondoka kwa binti wa miaka 27, na nimekataa kulifanyia bahati nasibu. Unganisha usiunganishe, tatizo liko kwenye kidonge chenyewe. Primolut nayo usijinunulie, kwa sababu aliyoieleza Kaunta.

Ganzi ikirudi, au mdomo ukipinda, au usemi ukikwama, hapo husubiri iishe, ni hospitali muda huo huo hata kama ni Singida, mwambie dereva.

Na jambo la pili ambalo hukulileta kama tatizo ila kwangu ni zito sawasawa. Mabonge, pedi kila saa, moyo kwenda mbio kwenye ngazi, hamu ya udongo. Hizo ni dalili za upungufu wa damu, na hedhi ya namna hiyo haitakiwi kufunikwa tu na dawa ya kuizuia bila kujua inatoka wapi. Inaweza kuwa faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa damu yako ina shida ya kuganda. Unahitaji kupima wingi wa damu, kipimo cha mimba kwa sababu ndo utaratibu, na utrasaundi ya kizazi. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu meza na kitu chenye ndimu au chungwa, chai ya rangi iache mpaka baadaye maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Lengo lako la kutopata damu safarini halijafa. Ziko njia zenye homoni moja tu, projestini, ambazo hazina estrojeni na mwenye kipandauso hiki anaweza kuruhusiwa, mtoa huduma akishakuona. Sindano ya miezi mitatu, baada ya mwaka karibu nusu ya wanawake hawaoni damu kabisa, ila kwako wewe unayetaka mtoto karibuni kule kuchelewa nilikokutajia ukufikirie. Lupu ya homoni, hiyo inapunguza damu sana na ukiitoa uzazi unarudi upesi, ugumu ni kwamba si kila kituo kinayo na huko binafsi bei inauma. Usije ukachanganya na lupu ya madini ya shaba, ile inaongeza damu, kwako haifai. Kijiti kinaweza kusaidia lakini damu yake haitabiriki. Vidonge vya projestini peke yake, wale wanaonyonyesha wanavijua, vinaweza kuleta matone yasiyo na ratiba, havikuhakikishii sketi ya krimu.

Kwa sasa hivi, mpaka umeonwa, kama huna vidonda vya tumbo wala pumu inayochokozwa na dawa za maumivu, ibuprofen milligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, kuanzia damu inapoonekana, kwa siku mbili tatu. Inapunguza maumivu na kiasi cha damu pia kidogo. Dokta anaweza kukuandikia na dawa nyingine ya kupunguza damu, ila zingine zinahitaji tahadhari kwa mwenye historia yako kwa hiyo kipandauso lazima akijue.

Shangazi_Tabata

Nimesoma mpaka mwili umesisimka. Mie nilikuwa na hedhi kama hiyo, kila mtu ananiambia ndo uzazi huo, chango, ukizaa itaisha, nikazaa haikuisha. Nilianguka sokoni ndo nikapelekwa nikaongezewa damu, utrasaundi ikaonyesha faibroidi. DadaWaBasi usikubali mtu akuambie pedi kila saa ni kawaida ya ukoo wenu.

Baadaye niliwekewa ile lupu ya homoni. Miezi ya mwanzo matone yalinichosha kweli nikataka kuitoa, daktari akaniomba nivumilie, na ilipotulia ilitulia. Sasa hivi siku zangu ni doa tu kwenye pedi nyembamba. Ila mie nilishamaliza kuzaa, na faibroidi zangu zilikuwa mahali ambapo hazizuii lupu kukaa, si kila mtu inamkaa, ndo maana utrasaundi inatangulia.

Mama_Nasra

Nesi nimekuelewa, na hilo la sindano nimemtumia jirani yangu asome mwenyewe maana mpaka leo anaamini alirogwa. DadaWaBasi mwanangu, nina binti rika lako, nenda hospitali. Kama hutaki kwenda peke yako na uko huku Mbagala au Temeke niandikie faragha nitakusindikiza.

DadaWaBasi

Nimelia hapa ndani ya gari. Hicho kichwa nimekibeba miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naona nini kabla. Huyo dada wa kazini nimempigia, nimemwambia asinipe, na yeye mwenyewe hajawahi kupima presha tangu aanze, nitamvuta twende wote.

Safari ya kesho nimeomba mwenzangu anishikie. Mama Nasra nitakuandikia. Swali la mwisho Nesi, kliniki nikifika nianzie dirisha gani, la uzazi wa mpango au la daktari wa kawaida? Na mchumba nimwambie? Naogopa wakisikia uzazi wa mpango kwao watasema sitaki kuzaa.

Nesi_wa_Uzazi

Anzia kwa daktari, si dirisha la uzazi wa mpango, kwa sababu kwanza tunatafuta damu inatoka wapi. Ukishakaa mbele yake sema kichwa na vimulimuli na ganzi kabla hujataja habari ya kuzuia hedhi, maana ukianza na hedhi anaweza kukuandikia haraka kidonge kile kile tulichokikataa. Andika kwenye simu yako tarehe ya siku zako tatu za mwisho, damu ilikaa siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, watakuuliza na ukikaa kwenye benchi muda mrefu utasahau.

Mchumba mwambie unatibiwa upungufu wa damu na hedhi nzito, ni kweli tupu, na mwanamke mwenye damu ya kutosha ndo anabeba mimba salama, mama yake mwenyewe atakuunga mkono kwa hilo. Kama anataka kuja aje, sisi hapa kliniki, wanaume wakija na wenzi wao tunawahudumia vizuri tu.

Huyo dada mwenzio apimwe presha kwanza na aulizwe maswali yale yale niliyokuuliza wewe. Ikiwa chini ya 140/90, kichwa chake hakina vimulimuli, na yale mengine niliyotaja ya wasiopewa hana, hana haja ya kuacha, aendelee kuunganisha vyake kwa amani. Njooni asubuhi mapema kabla foleni ya kliniki ya watoto haijajaa.